Damu Ilikwenda Wapi?

Mpenzi msomaji, leo nianze na kisa ambacho kimenikaa kwa zaidi ya miaka 20.

Nilipokuwa darasa la saba tuliishi katika ploti yenye vyumba 12 na bomba moja la maji. Chumba cha mwisho, karibu na lango, kilikuwa cha mama mmoja mjane na mwanawe, fundi wa redio. Sisi watoto tulimpenda kijana huyo kwa sababu alitugawia sumaku alizokuwa akizitoa katika spika zilizoharibika. Jumamosi moja jioni aligombana na mwenzake kwa ajili ya deni, tena deni dogo ambalo hadi leo naona haya kulitaja. Huyo mwenzake alikuwa ameshika bisibisi.

Kijana alirudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Shati lilikuwa na doa la damu lisilozidi sarafu ya shilingi 10, na tundu lenyewe, chini kidogo ya chuchu ya kushoto, lilikuwa kama la kifungo. Alipelekwa katika zahanati ya karibu, akasafishwa kidonda, akadungwa sindano ya pepopunda, akabandikwa plasta na kuambiwa arudi Jumatatu. Alipofika nyumbani alikunywa chai. Baadaye usiku alianza kusema kifua kinambana, akakataa kulala chali, akawa anaketi kitandani ameinama mbele huku jasho jembamba likimtoka. Kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa ameaga dunia.

Ninachokumbuka zaidi ni mama yake. Siku 3 za matanga alikuwa akimwuliza kila aliyeingia swali moja: "Hakutoka damu. Mwanangu hakutoka damu. Sasa damu ilikwenda wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Wazee walitazama chini na kina mama wakamwambia ni mipango ya Mungu. Mimi nilikuja kulipata jibu nikiwa mtu mzima, na ndilo ninalotaka kukueleza leo, maana visu, mapanga na bisibisi bado vimejaa mitaani mwetu, na plasta bado zinabandikwa.

Moyo, ndugu msomaji, haukai wazi kifuani. Umetiwa ndani ya mfuko wa utando mgumu ambao madaktari huuita perikadiamu. Kwa kawaida ndani ya mfuko huo mna majimaji kidogo tu, kijiko 1 cha mezani hadi 3 hivi, ya kuulainishia moyo unapopiga. Utando huo ukipewa muda hutanuka. Mgonjwa wa kifua kikuu kilichoingia katika moyo anaweza kuwa na zaidi ya lita 1 ya maji humo na bado akatembea, kwa kuwa maji hayo yaliingia polepole, wiki baada ya wiki. Lakini ukijazwa kwa dakika chache, hautanuki hata kidogo.

Basi chuma chembamba kikiutoboa mfuko na kuutoboa moyo wenyewe, damu hutoka moyoni na kuingia katika mfuko. Tundu la mfuko ni dogo, huziba kwa damu iliyoganda, na damu haipati pa kutokea. Inaanza kuuminya moyo kutoka nje. Mililita 150 au 200 tu, yaani kama nusu ya ile chupa ya soda ya mililita 300 au zaidi kidogo, zinatosha kuuzuia moyo usijae damu unapolegea. Na moyo usiojaa hauna cha kusukuma. Mtu anakufa huku damu yake yote, karibu, bado ingali mwilini mwake.

Ndiyo damu ya yule kijana. Haikwenda popote. Ilikuwa hapo hapo, upana wa vidole 2 au 3 kutoka chini ya plasta.

Jambo la ajabu ni kwamba mfuko huo huo unaoua ndio unaompa mtu nafasi. Damu iliyobanwa huziba tundu la moyo kwa muda, ikapunguza kasi ya kuvuja. Mtu ambaye mfuko wake umepasuka sana humwaga damu yote kifuani na aghalabu hafiki hospitalini. Yule mwenye tundu dogo hupewa saa moja, pengine saa kadhaa. Kinachotakiwa ni mtu wa kujua, ndani ya saa hizo, kwamba kuna damu katika mfuko. Na hapo ndipo shida ilipokuwa kwa miaka mingi sana.

Hebu turudi nyuma kidogo. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, Stephen Paget, aliandika kitabu kuhusu upasuaji wa kifua akasema kwamba kwa upande wa moyo, huenda upasuaji ulikuwa umefika mwisho wa mpaka uliowekwa na maumbile. Hakujua kwamba mwaka huo huo, tarehe 9 Septemba, mjini Frankfurt, Ujerumani, Daktari Ludwig Rehn angempasua kijana mtunza bustani wa miaka 22 aliyekuwa amechomwa kisu siku 2 kabla. Rehn alikuta tundu katika chemba ya kulia ya moyo, akalishona kwa nyuzi 3 za hariri, na kijana akapona. Miaka 6 baadaye, mwaka 1902, Daktari Luther Hill alimshona moyo mvulana wa miaka 13 mjini Montgomery, Marekani, usiku, juu ya meza ya jikoni, kwa mwanga wa taa za mafuta. Naye alipona. Kwa hiyo usije ukadhani kushona moyo ni jambo lililoanza juzi. Mikono ilikuwa tayari kabla babu zetu hawajaona gari la moshi likifika Kisumu.

Kilichokosekana ni macho. Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei mwishoni mwa mwaka 1895, na kwa risasi na vyuma vilivyobaki mwilini miale hiyo ilikuwa neema. Katika Vita Vikuu vya Pili, daktari wa jeshi la Marekani aitwaye Dwight Harken, akifanya kazi Uingereza, aliitumia kutafuta vipande vya mizinga vilivyojificha ndani ya mioyo ya askari na kandokando yake, kisha akavitoa. Alitoa zaidi ya vipande 130 bila kumpoteza hata askari mmoja. Lakini eksirei ina udhaifu mmoja mkubwa kwa kisa kama cha kijana wetu. Kwa kuwa mfuko hautanuki haraka, kivuli cha moyo kwenye picha huweza kuonekana cha kawaida kabisa wakati mgonjwa anakufa.

Mwaka 1935 Mmarekani mwingine, Claude Beck, alieleza dalili 3 za moyo uliobanwa: presha ya damu imeshuka, mishipa ya shingo imevimba, na mapigo ya moyo yanasikika kwa mbali kama ngoma iliyofunikwa blanketi. Wanafunzi wa udaktari hukariri dalili hizo hadi leo. Lakini nenda chumba cha dharura cha hospitali yoyote kubwa usiku wa Jumamosi, jamaa wanalia, walevi wanatukana, vitanda vinaburutwa, kisha ujaribu kusikia kama mapigo ya mtu ni ya mbali au ya karibu. Tena mgonjwa aliyepoteza damu nyingi kwingineko, mishipa ya shingo haivimbi. Madaktari wenyewe wanakiri kwamba dalili zote 3 ni nadra kuonekana kwa pamoja.

Macho yalikuja kutoka mahali ambapo hapakutarajiwa. Katika mji wa Lund, Sweden, daktari wa moyo Inge Edler alikuwa akitafuta njia ya kuutazama moyo bila kuukata. Alishirikiana na mwanafizikia Hellmuth Hertz. Hertz alikwenda katika kiwanda cha meli cha Kockums mjini Malmö, ambako mafundi walitumia mashine ya mawimbi ya sauti kukagua vyuma kama vina nyufa, akaiazima. Oktoba mwaka 1953 wakafanikiwa kuuchora moyo wa mtu aliye hai ukipiga. Mashine ya kukagua vyuma vya meli! Kila nikikumbuka jambo hili hucheka peke yangu.

Mashine hiyo, mpenzi msomaji, kama wewe ni mama huenda umewahi kulala chini yake. Ndiyo altrasaundi, ile ya kliniki ya wajawazito, yenye jeli baridi inayokufanya uruke. Hutoa sauti nyembamba mno isiyosikika kwa sikio la binadamu. Sauti hiyo huingia mwilini, ikigonga nyama hurudi kama mwangwi unavyorudi kutoka mlimani, na mashine hugeuza mwangwi kuwa picha. Nyama huonekana kijivu na mifupa hung'aa. Maji na damu ambayo haijaganda havirudishi mwangwi, kwa hiyo huonekana vyeusi. Ndiyo maana mtoto tumboni huonekana akiogelea ndani ya weusi.

Daktari wa dharura hutumia kanuni iyo hiyo. Huweka kile kijikono cha mashine chini ya mfupa wa kidari, pale mbavu zinapokutana, akakielekeza juu upande wa bega la kushoto. Moyo unajitokeza ukipiga. Kama pembeni mwake pana utepe mweusi kati ya moyo na mfuko wake, na mgonjwa ana tundu kifuani, hiyo ni damu. Hahitaji kupima upana wake wala kujua majina ya chemba zote. Anajibu swali moja tu: upo weusi, au haupo? Kisha anasogeza kijikono kando ya ini, kando ya wengu, na chini karibu na kibofu, akitafuta damu iliyovuja tumboni. Kazi nzima haizidi dakika chache, nayo hufanyika pale pale kitandani, bila kumsukuma mgonjwa kwenye korido kwenda chumba kingine.

Je, inasaidia kweli? Mwaka 1992 madaktari wa Minneapolis, Marekani, walichapisha hesabu za wagonjwa wao 49 waliochomwa au kupigwa risasi ya moyo. Wale 28 waliotazamwa kwa altrasaundi walipona wote. Katika wale 21 ambao hawakutazamwa, walipona asilimia 57. Muda wa kuugundua ugonjwa ulishuka kutoka dakika 42 hadi dakika 15 hivi. Wagonjwa 49 si wengi, na waliokosa kutazamwa huenda walikuwa na sababu nyingine za kufa, lakini hesabu hizo ziliwaamsha wengi. Mwaka 1999 Daktari Grace Rozycki na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali kadhaa za Marekani kuhusu watu 261 wenye majeraha karibu na moyo. Altrasaundi iliona damu kwa watu 29 waliokuwa nayo kweli, ikakosea kwa watu 7 kwa kudai ipo na haipo, na haikumkosa hata mmoja aliyekuwa nayo. Tangu kuonekana weusi hadi kisu cha daktari kugusa ngozi, wastani ulikuwa dakika 12.

Dakika 12! Hapo, msomaji, ndipo picha inapoongoza mkono. Upasuaji wenyewe haujabadilika sana tangu siku za Rehn. Kidari hupasuliwa katikati, au kifua hufunguliwa kati ya mbavu upande wa kushoto, mfuko unakatwa, damu iliyoganda inaruka nje, na moyo uliokuwa ukitapatapa unaanza kupiga kwa nguvu mbele ya macho ya kila mtu. Daktari anaziba tundu kwa kidole, kisha anashona. Tundu likiwa kubwa, wengine huingiza ule mpira wa kutolea mkojo, wanajaza maji katika puto lake dogo na kulivuta taratibu lizibe kwa ndani, wakapata nafasi ya kushona. Mara nyingi tundu huwa katika chemba ya kulia, kwa sababu ndiyo iliyo mbele.

Wenye uzoefu hufanya jambo moja ambalo lilinishangaza nilipoelezwa. Hawamlazi mgonjwa usingizi kwanza. Wanampaka dawa kifuani, wanamfunika vitambaa, daktari anasimama na kisu mkononi, ndipo dawa ya usingizi inapoingia. Sababu ni kwamba moyo uliobanwa unashikilia uhai kwa kamba nyembamba, na dawa ya usingizi inaweza kuikata ile kamba mara moja. Bila picha, hakuna ambaye angejua kwamba tahadhari hiyo inahitajika.

Sasa nisikudanganye kwamba mashine haikosei. Inakosea, na kosa lake baya ni hili: kisu kikiupasua mfuko kwa upana, damu ya moyo huchuruzika kuingia kifuani upande wa pafu la kushoto. Mfuko unabaki mtupu, altrasaundi haioni weusi kandokando ya moyo, na daktari mgeni anasema mgonjwa ni mzima. Kwa hiyo mtu aliyechomwa karibu na moyo, kisha akawa na damu nyingi upande wa pafu, hatakiwi kuachwa aende zake kwa sababu tu picha ya moyo ilikuwa safi. Hutazamwa tena na tena. Na yule anayefika akiwa hana presha kabisa hasubiri picha yoyote. Huyo ni wa kukimbizwa moja kwa moja chumba cha upasuaji.

Somo jingine lilitoka karibu nasi zaidi, Cape Town, katika hospitali ya Groote Schuur, ile ile ambako Christiaan Barnard alihamisha moyo wa mtu mwaka 1967. Mji ule una visu vingi kuliko tunavyoweza kufikiria. Mwaka 2014 madaktari wake walichapisha matokeo ya utafiti wa wagonjwa 111 waliokuwa na damu katika mfuko wa moyo lakini presha yao imetulia. Kwa kura, 55 walipasuliwa kidari chote na 56 walikatwa tundu dogo tu chini ya kidari, damu ikatolewa na mfuko ukaoshwa. Kati ya wale 55, karibu wote, 51, walikutwa moyo haukujeruhiwa au umekwaruzwa tu. Mmoja wao alifariki. Katika wale wa tundu dogo hakufa hata mmoja, na siku zao katika wadi ya mahututi zilikuwa chache mno. Kwa maneno mengine, weusi kwenye picha si amri ya kumpasua kila mtu kidari. Daktari hutazama picha, kisha humtazama mgonjwa.

Na huku kwetu? Mashine si muujiza tena. Mwaka 2015 serikali ilianza mpango wa kukodi vifaa, vikiwemo vya kupiga picha, kwa hospitali 2 katika kila kaunti. Siku hizi zipo hata altrasaundi za kushikwa mkononi zinazounganishwa na simu. Shida yangu ni saa. Kliniki ya wajawazito hufungwa jioni, mlango wa chumba cha altrasaundi unatiwa kufuli, na ufunguo unaondoka na mwenyewe. Visu navyo hufanya kazi Jumamosi usiku. Nimesimama mbele ya mlango wa namna hiyo, katika hospitali ambayo sitaitaja, nikasoma karatasi iliyobandikwa: huduma ni kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Nilikuwa nimemsindikiza shangazi mwenye maumivu ya tumbo, akapona. Lakini nilimkumbuka fundi wa redio.

Ukimkuta mtu amechomwa kifuani, mgongoni upande wa juu au chini kidogo ya mbavu, usiudharau udogo wa tundu. Kisu kikiwa bado kimekwama, kiache hapo hapo, kizungushie vitambaa kisitikisike, maana huenda ndicho kizibo. Mwache aketi anavyopata nafuu, usimlaze kwa nguvu. Usimpe chai wala chakula, huenda akahitaji dawa ya usingizi saa hiyo hiyo. Usiende zahanati ya kubandika plasta kama ipo njia ya kufika hospitali yenye daktari mpasuaji. Ukifika mlangoni usipange foleni, sema kwa sauti kwamba amechomwa kifuani, na umwulize daktari, kwa heshima, kama moyo umetazamwa kwa altrasaundi. Hilo si kumfundisha kazi.

Wala usikubali kuambiwa ulete pesa kwanza, au ukalete barua ya polisi kwanza. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Fomu ya P3 ni ya kesi, na kesi inaweza kungoja kupambazuke.

Yule mama bado yu hai. Mwaka jana nilipopita mtaani kwetu nilimkuta ameketi nje ya chumba kile kile, akichambua mboga. Baada ya salamu na habari za watoto nilimwambia, "Mama, lile swali lako nimelipatia jibu." Nilichora nyuma ya bahasha, moyo, mfuko na damu. Alinyamaza akiitazama karatasi kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza mashine ya kuiona hiyo damu ni ipi. Nikamweleza.

"Ile ya waja wazito?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

Akarudi kwenye mboga zake. "Ile ilikuwako," akasema. "Pale hospitali ya wilaya, mwendo wa matatu moja. Dada yake nilimpeleka nikaiona."